Mashine ya akiba ya boti: ya 2.5, ya 6 au ya 15 iliyotumika?

*"Shikamoo fundi. Boti yangu ni ya faiba, urefu mita 5.8, na mashine yake ni ya hospawa 40 (nguvu ya farasi), mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Huwa tunatoka watu watatu au wanne kwenda kuvua, kama kilomita 7 kutoka ufukweni. Mwezi uliopita mashine ilizima tukiwa mbali, tukakaa mpaka jioni ndipo tukapata wa kutuvuta. Sasa nataka mashine ya akiba, lakini mfuko wangu si mnene. Kuna jamaa anauza ya 15 iliyotumika, mipigo miwili, mguu mfupi, kwa bei nzuri. Dukani kuna mpya ya 2.5 kwa bei inayokaribiana na hiyo, na mpya ya 6 ya mipigo minne ambayo itabidi nijinyime miezi kadhaa. Wapo wanaoniambia akiba lazima iwe angalau nusu ya mashine kubwa, na mwingine anasema nichukue ya umeme niachane na petroli. Nilifikiria pia kuiunganisha kwenye tangi lilelile ili nisibebe mafuta mara mbili. Unanishauri nini?"*

Marahaba, na pole kwa siku ile. Nikikusoma vizuri, hutafuti mashine yenye nguvu. Unatafuta itakayowarudisha nchi kavu siku ile kubwa itakapogoma tena, bila kukufilisi. Jibu langu kwa ufupi: jinyime uchukue ya 6, lakini yenye mguu mrefu, na uipe tangi lake. Ya 15 ya mguu mfupi ningeiacha hata kama jamaa angekata bei nusu. Nitakueleza sababu, maana ndizo zitakazokusaidia ukikutana na mashine nyingine ambayo hukuniandikia.

Tuanze na hilo la "nusu ya mashine kubwa". Halina msingi. Mashine yako ya 40 inafanya kazi mbili tofauti kabisa. Kwanza inaisukuma boti ikiwa imelala majini. Kisha ukiongeza moto, inaiinua pua na kuipandisha juu ya maji mpaka inaanza kuteleza, na kazi hiyo ya pili ndiyo inayokula hospawa. Boti ya aina yako huhitaji takribani hospawa 1 kwa kila kilo 20 hadi 30 ili iteleze. Jumlisha boti tupu, mashine, watu wanne, mafuta, barafu na zana za uvuvi, hatutakuwa mbali na tani 1.1. Kwa uzito huo hata ya 15 haiwezi kuitelezesha. Yaani ukiweka robo, thuluthi au nusu ya 40, zote zinaingia kundi moja: zitaisukuma ikiwa imelala majini, na mwendo huo una kikomo.

Kikomo chenyewe kinatokana na wimbi la boti. Chombo kinachokwenda kikiwa kimelala majini hutengeneza wimbi puani na jingine tezini, yaani nyuma. Kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, mpaka urefu wake unalingana na wa boti. Ukizidi hapo tezi inazama, pua inatazama juu, na mashine inabaki kuhangaika kuipandisha boti juu ya wimbi ililolitengeneza yenyewe. Mhandisi Mwingereza William Froude alilichunguza jambo hili katika karne ya 19 kwa kuvuta vielelezo vya meli kwenye tangi refu la maji. Kanuni tunayoitumia ni nyepesi: chukua urefu wa boti kwenye mstari wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, utapata kilomita kwa saa. Yako, ikiwa na kama mita 5.3 majini, inaishia karibu 10. Ukifunga ya 15 badala ya ya 6, kikomo hakisogei kwa maana. Utakachoongeza ni kelele, wimbi kubwa nyuma na petroli.

Chini ya kikomo hicho, makadirio ya kawaida ni hospawa 4 kwa kila tani. Tani zako 1.1 zinakupeleka kwenye 4.4. Ya 5 ingetosha kwa maji yaliyotulia, na ya 6 inakuachia kitu cha kupambana na upepo. Nguvu inayohitajika hupanda kwa karibu kipeo cha tatu cha mwendo. Ukizidisha hospawa mara 2, unapata mwendo zaidi kwa robo tu, na ukikaribia kikomo hata robo hiyo huioni.

Utaniuliza: kwa hesabu hiyo, si ya 2.5 itanipa robo tatu ya mwendo wa ya 6? Naam, maji yakiwa shwari itakupa. Kinachonitia wasiwasi ni upepo, ambao nguvu yake huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi: upepo ukivuma mara 2 zaidi, unakusukuma mara 4 zaidi. Na mashine kubwa hupenda kuzima siku za mawimbi, si kwa mkosi, bali kwa sababu ndipo uchafu na maji yaliyolala chini ya tangi yanapotikiswa yakaingia kwenye mpira wa mafuta. Siku hiyo boti yenye watu wanne, pua ikiwa upepo unakotoka, itakaa palepale huku ya 2.5 ikilia mpaka mwisho. Tena nyingi za ukubwa huo hazina gia ya kurudi nyuma, unaizungusha mashine nzima, na tangi lake la ndani ni la kama lita moja. Kulijaza katikati ya mawimbi, mkono mmoja umeshika dumu na mwingine umeshika boti, ni kazi nisiyomtakia mtu. Kwa mwenye kidau chepesi cha mita 4, au anayekwenda kwenye maji yaliyokingwa, ya 2.5 ni mashine nzuri sana. Kwako ni ndogo.

Sasa mguu, na hapa soma taratibu, kwa sababu watu wengi wamepoteza pesa zao hapa.

Mguu hupimwa kutoka pale mashine inapokaa juu ya ubao wa tezi mpaka kwenye lile bapa lililo juu tu ya propela. Mfupi ni kama sentimita 38, mrefu 51, na mrefu zaidi 64. Bapa hilo linatakiwa liwe usawa wa chini ya boti, au sentimita 2 hadi 5 chini yake. Boti inayobeba ya 40 mara nyingi ubao wake umetengenezwa kwa mguu mrefu. Ukibana pale ya mguu mfupi, propela inazunguka kwenye povu: inameza hewa, mlio unapanda ghafla, boti haiendi. Kibaya zaidi, matundu ya kuvuta maji ya kupoza mashine yapo kwenye mguu huohuo. Yakivuta hewa mashine inachemka, na ukiendelea kuilazimisha itanoki, ukabaki na mashine mbili zilizokufa kwenye boti moja.

Halafu kumbuka ya akiba haikai katikati. Inakaa pembeni ya kubwa, kwa hiyo boti ikilalia upande wa pili, propela ya akiba ndiyo ya kwanza kutoka majini. Ndiyo maana kwa akiba sipendi mguu wa 38 hata pale kipimo kinaporuhusu; nenda na 51, au 64 kama ubao wako ni wa juu. Pima mwenyewe kabla ya kwenda dukani. Simamisha boti nchi kavu ikiwa imekaa sawasawa, weka futi kwenye ukingo wa juu wa ubao, au wa breketi (kishikio cha kubebea mashine ya akiba) ikiwa utaifunga, ushuke wima mpaka usawa wa chini ya boti. Pima palepale pembeni mashine itakapokaa. Boti zenye tumbo la V huwa zimeinuka pembeni kuliko katikati, na tofauti hiyo inaweza kufika sentimita kadhaa. Andika namba kwenye karatasi uende nayo. "Inaonekana kama inatosha" si kipimo.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji mpaka uulize ni propela. Hupimwa kwa inchi mbili: kipenyo chake, na pichi, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza majini. Mashine ndogo mara nyingi huja na propela ya kusukuma boti nyepesi inayokimbia. Tufanye hesabu ya mashine inayozunguka mara 5,500 kwa dakika, gia yake inapunguza kwa 2.15, propela pichi ya inchi 8. Kwenye karatasi propela hiyo inasonga kilomita 31 kwa saa, wakati boti yako nzito inakwenda 8. Mashine inalemewa kama lori linalopandishwa mlima kwa gia ya juu: haifikii mizunguko yake, nguvu uliyoilipia huioni. Weka pichi ya inchi 6, ile 31 inashuka hadi 23, mashine inapumua na msukumo unaongezeka. Kwa hiyo unaponunua ya 6, omba ubadilishiwe propela iwe ya pichi ndogo. Baadhi ya watengenezaji wana toleo la kusukuma mizigo mizito, lenye gia inayopunguza zaidi na propela pana. Ukilipata kwa nyongeza ndogo, chukua.

Kuhusu tangi moja kwa mashine mbili, hapana. Najua uzito wa dumu la pili unaudhi, lakini fikiria kilichokupata. Mafuta machafu ni miongoni mwa sababu kuu za mashine kuzima majini. Maji ni mazito kuliko petroli, yanazama chini ya tangi, na mrija wa kuvuta mafuta unakwenda hukohuko chini. Ikiwa maji hayo ndiyo yaliyoizima ya 40, akiba iliyounganishwa hapo itazima kwa ugonjwa uleule dakika chache baadaye.

Kwako kuna sababu ya pili. Petroli yako ina oili ndani yake, na ya 6 ya mipigo minne haitaki oili kwenye petroli; oili yake inakaa mahali pake. Ikinywa mchanganyiko itatoa moshi na kuchafua plagi, ila kwa dharura itakufikisha. Kinyume chake ndio msiba: mashine ya mipigo miwili ikinywa petroli tupu haina kitu kingine cha kulainisha pistoni, nayo inakwama na kunoki. Kwa hiyo matangi yawe ya rangi tofauti au yaandikwe kwa herufi kubwa, kwenye mwili wa tangi na si kwenye mfuniko, kwa sababu mifuniko hubadilishana. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Angalia kitabu cha mashine yako, za zamani nyingine hutaka oili zaidi.

Tangi la akiba si lazima liwe kubwa. Ya 6 ya mipigo minne ikikimbizwa mpaka mwisho hunywa kama lita 2 kwa saa. Kilomita 7 kwa mwendo wa 8 kwa saa ni chini ya saa moja. Tangi la lita 10 linakupa safari hiyo na ziada kubwa kwa siku ya upepo mbaya. Usitegemee lile la ndani ya mashine peke yake, kwa sababu linashika kama lita moja na ushee tu.

Ya umeme naipenda, lakini si kwa kazi hii. Hospawa 1 ni wati 746. Zile mota za bei nafuu za volti 12, zinazouzwa kwa kipimo cha msukumo wa paundi 55, yaani kama kilo 25, huvuta karibu ampea 50, sawa na wati 600. Hiyo haifiki hata hospawa 1. Betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una saa moja hivi ya mwendo kamili, na kwa boti ya tani moja mwendo huo ni wa kutembea kwa miguu. Mota za umeme zenye nguvu ya kweli zipo, ila ukijumlisha na betri zake utakuta ile ya 6 uliyoiona ghali ni ya watu wa kawaida.

Turudi kwa jamaa wa ya 15, maana bei nzuri ina sauti tamu. Ingekuwa ya mguu mrefu na nzima, nisingekukataza moja kwa moja. Ni rahisi kutengeneza, kwa hospawa zake ni nyepesi, kilo 36 hadi 40, na inakunywa mchanganyiko uleule wa ile kubwa, ingawa kwa petroli ni mlafi kuliko ya mipigo minne. Ukija kukutana na ya namna hiyo, nenda kuiona ikiwa baridi. Gusa kichwa cha mashine kabla muuzaji hajaivuta. Kikiwa na joto, ujue ameshaiamsha kabla hujafika, na tabia yake ya kuwaka asubuhi amekuficha. Legeza skrubu ya chini ya gia itoke oili kidogo kidoleni. Nyeusi ni uzee tu, ila ikitoka nyeupenyeupe maji yameshaingia. Ikiwaka, tazama ule mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka nyuma uwe na nguvu na usikatike. Ingiza gia zote mbili, mbele na nyuma, mara kadhaa. Kisha mlete fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: silinda mbili zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi. Muulize muuzaji risiti na linganisha namba ya mashine. Mashine za boti huibwa sana kwa sababu hufunguliwa kwa skrubu mbili. Na uliza spea kabla ya kulipa.

Kuna swali hukuniuliza: ile ya 40 ilizima kwa nini? Kama hujapata jibu, pesa ya kwanza iende hapo, kabla ya mashine yoyote mpya. Safisha tangi, funga chujio linalotenganisha maji na petroli, badilisha impela ya pampu ya maji na plagi, kagua mpira wa mafuta na ile balbu ya kupampu. Hiyo yote ni sehemu ndogo ya bei ya ya 6, na itakulinda miezi hiyo unayojinyima. Katika kipindi hicho usitoke bila makasia, jaketi za kuokolea za watu wote, redio au simu iliyofungwa isiingie maji, na nanga yenye kamba isiyopungua mara 5 ya kina cha mahali unapovua. Nanga inayoshika inakununulia muda, nawe usipeperushwe mbali zaidi.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyaamua. La kwanza ni ubao wa tezi. Ugongegonge kwa mpini wa nyundo; ukisikia mlio mzito uliokufa, au ukiona unyevu kwenye matundu ya bolti, mbao za ndani zimeanza kuoza, na breketi iliyobeba mashine ya kilo 27 inayosukuma pembeni inaweza kuung'oa. Mwite mtengenezaji wa boti auone kabla hujatoboa tundu lolote. La pili ni uzito wa nyuma: akiba, breketi na tangi vikikaa upande mmoja boti italala, na maji yataanza kuingia kwenye matundu ya kutolea maji. Hamishia betri au tangi kubwa upande wa pili, na kama boti ina kibao cha uzito unaoruhusiwa, kifuate. La tatu, ulizia kwa mamlaka ya vyombo vya majini au bima yako kama mashine ya pili inatakiwa kuandikishwa.

Ukishaifunga, usisubiri shida ndipo uijue. Chagua siku tulivu, wapakie watu walewale wa kawaida, zima ya 40 na uiache mguu wake chini ukiwa umenyooka ili ushikilie boti isiyumbe, kisha endesha kwa ya akiba. Utaona inavuta pua upande mmoja kwa sababu haiko katikati; zoea kuirekebisha. Baadaye rudia siku yenye upepo wa wastani, ukielekea upepo unakotoka, na pima mwendo kwa simu. Ikishindwa kufika kilomita 6 kwa saa katika upepo huo, au mizunguko yake haipandi hadi pale kitabu kinaposema, rudi dukani kwa propela ya pichi ndogo zaidi kabla warantii haijaisha. Baada ya hapo iwashe angalau mara moja kila mwezi, ingia nayo kwenye maegesho, halafu funga mafuta uiache ikaushe kabureta na uipitishe maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika 10. Oili ya mipigo minne imwage baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100.